Mtungi wa Ziada Si Ruhusa ya Kukaa Zaidi: Wazamiaji Wanavyofunga na Kubeba Mitungi Ubavuni

Mwishoni mwa Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni na kuzama na mama pamoja na mtoto wake mdogo, Mombasa nzima ilisimama ukingoni ikitazama maji. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Katika siku zile swali lilikuwa moja, kwenye matatu na barazani: mbona wazamiaji wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, hawakai chini wakamaliza kazi?

Sehemu kubwa ya jawabu ni hesabu. Gari lilikuwa kina cha takriban mita 58. Mbali na giza na mkondo wa pale kivukoni, kwenye kina hicho mtungi mmoja wa kawaida wa kuzamia unatosha kama dakika 16 tu kwa mtu anayepumua kwa utulivu, na hapo hatujaondoa hewa ya kushukia, ya kupandia wala ya dharura. Ukitaka zaidi ya hapo lazima ubebe mitungi zaidi, na kubeba mitungi zaidi ni elimu yake yenyewe.

Makala haya yanaieleza elimu hiyo, kwa sababu vijana wetu wengi wanakula kwa kuzamia. Wapo wanaotembeza watalii Diani na Watamu, wapo wanaofunga maboya na kukagua vyombo, na wapo wanaotafuta majongoo bahari upande wa Gazi, Shimoni na Vanga. Mtu akishazoea mtungi mmoja, haikawii kuja fikra ya kuongeza wa pili. Kabla ya kuuning'iniza, kuna mambo ya kujua.

Hewa inavyoliwa na kina

Juu ya maji, mwili umebeba uzito wa hewa ya angani, ambao kipimo chake ni karibu baa 1. Kila mita 10 za maji zinaongeza baa nyingine 1. Kwa hiyo mita 10 ni baa 2, mita 20 ni baa 3, mita 30 ni baa 4. Kipumulio kinakupa hewa kwa presha ileile ya maji yanayokuzunguka, maana bila hivyo kifua kisingeweza kufunguka. Maana yake ni kwamba pumzi moja ya mita 30 inakula hewa ya pumzi nne za juu.

Tuchukue mtungi wa alumini ulio wa kawaida kwenye vituo vya kuzamia. Ndani yake una nafasi ya lita 11 hivi, na ukijazwa hadi baa 200 unabeba kama lita 2,200 za hewa. Mtu mtulivu anatumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 10 mtungi huo utamtosha dakika 55. Mita 20, dakika 36. Mita 30, dakika 27. Akishikwa na hofu au akipigana na mkondo, matumizi yanapanda mara mbili kwa urahisi, na dakika hizo zinakatika nusu. Bandu bandu huisha gogo, na chini ya maji ubanduaji ni wa kasi.

Kutoka mgongoni kwenda ubavuni

Wengi wetu tunamjua mzamiaji kwa mtungi wake wa mgongoni. Mtindo wa ubavuni, ambao wazamiaji wanauita saidimaunti, ulitokana na watu wa mapangoni. Uingereza, ambako uzamiaji wa mapangoni ulianza mwaka 1935 katika pango la Wookey Hole, njia nyingi zilizojaa maji ni finyu mno kiasi kwamba mtu mwenye mtungi mgongoni hapiti. Wakauhamishia ubavuni. Baadaye wazamiaji wa mapango ya Florida, Marekani, wakauboresha mtindo huo kwa kuelea vizuri badala ya kutambaa, na leo unatumika hata bahari wazi.

Faida zake ni tatu. Vali ziko mbele ya macho na mkono unazifikia. Ikivuja unaiona na kuifunga. Kila mtungi una kipumulio chake na geji yake, hivyo kimoja kikiharibika kingine kipo. Na mgongo unapumzika, kwa sababu mtungi mmoja una uzito wa kilo 14 au zaidi ukiwa nchi kavu, lakini ubavuni unaweza kufungwa mtu akiwa tayari ndani ya maji.

Kufunga

Mtungi wa ubavuni unashikwa pahali pawili. Chini yake kunazungushwa ukanda wa chuma kisichoshika kutu, mfano wa ule fundi wa gari anaofungia paipu ya rejeta, ila mkubwa. Kwenye ukanda huo inafungwa kulabu ndogo kwa kamba, na kulabu hiyo inaingia kwenye pete iliyoko kiunoni mwa mzamiaji, kwa nyuma. Juu, mpira unaovutika unatoka mgongoni, unapita chini ya kwapa na kuzungushwa kwenye vali, ukiubana mtungi ubavuni. Hapo mwanzo wazamiaji walitumia tyubu za baiskeli kwa kazi hii, na mpaka leo vipande vya tyubu vinavishwa kwenye mtungi ili kubania paipu za kupumulia zisipeperuke.

Kuna kanuni ambazo mwalimu yeyote mzuri atazisisitiza.

Ya kwanza, chuma kisishikane na chuma. Baina ya kulabu na mtungi, na baina ya kulabu na kila kitu unachokibeba, pawe na kamba. Chumvi na mchanga vikigandisha kulabu, kisu kinakata kamba na mtungi unaachia. Chuma kwa chuma kikigoma, umefungwa.

Ya pili ni aina ya kulabu. Inayotakiwa ni ile yenye ulimi unaovutwa nyuma kwa kidole gumba. Ile ya mlango wa kusukuma, inayojifungua kitu kikiigusa, ni hatari kwenye bahari kama yetu yenye mishipi na majarife yaliyokatika. Itashika uzi wa wavu bila wewe kujua, nawe utajikuta umenaswa kama samaki.

Ya tatu, mtungi ulale sambamba na mwili kuanzia kwapani hadi pajani. Kamba ikiwa ndefu, kitako kinaning'inia, kinavunja matumbawe na kunasa kila kinachopita. Ikiwa fupi sana, vidole havipati nafasi ya kufungua. Urefu wa kamba unapimwa kwa mwili wa anayezamia, na pa kuupima ni maji mafupi ya kifuani, kabla ya kwenda kilindini.

Ya nne, paipu moja iwe fupi na kipumulio chake kining'inie chini ya kidevu kwa mpira wa shingoni, na nyingine iwe ndefu, kama mita 2, ili uweze kumpa mwenzako aliyeishiwa na mkaogelea pamoja bila kuvutana.

Kubeba

Anayejua mkokoteni wa madumu ya maji anajua kwamba mzigo ukizidi upande mmoja mvutaji hana raha. Ngalawa nayo inasimama kwa sababu ina matengo pande zote mbili. Mitungi ya ubavuni ni vivyo hivyo.

Hewa ina uzito, ingawa hatuihisi. Lita 2,200 ni karibu kilo 2 na nusu au zaidi kidogo. Mtungi wa alumini ukijaa huzama taratibu baharini, ukiisha huelea na kuvuta juu kwa nguvu ya kama kilo 2. Ukipumua upande mmoja tu, baada ya muda ubavu mmoja unazama na mwingine unapanda. Ndiyo maana mzamiaji anabadilisha kipumulio kila baada ya baa 30 hivi, kulia kisha kushoto, ili mitungi ipungue pamoja. Kitako kikianza kuinuka, kulabu ya chini inahamishwa kutoka pete ya nyuma kwenda pete ya mbele ya kiuno, na mtungi unarudi kulala.

Mtungi wa tatu una ufungaji wake. Kamba inatoka shingoni mwake hadi kwenye ukanda wa chini, ikiwa na kulabu mbili: ya juu inaingia kwenye pete ya kifuani, ya chini kwenye pete ya kiunoni. Mara nyingi unakaa kushoto, ili paipu ndefu ya kulia ibaki huru. Unachaguliwa wa alumini, kwa sababu wa chuma cha pua ni mzito majini na unampinda mtu upande mmoja. Vali yake inafunguliwa mara moja ili paipu ijae presha na maji yasiingie, kisha inafungwa mpaka utakapohitajika, hewa isije ikavuja bila mwenyewe kujua.

Wa nne ukiongezwa, inakuwa miwili kila upande. Zaidi ya hapo, wazoefu wanaiburuta nyuma kwa kamba fupi au wanaiacha njiani na kuichukua wakati wa kurudi, lakini hapo tumefika kwa watu waliofunzwa miaka. Kwetu sisi wenye vyombo vidogo, neno ni hili: mitungi ya ziada iteremshwe majini kwa kamba baada ya mzamiaji kuingia, na wakati wa kutoka itangulie yeye abaki nyuma. Mtu anayepanda mashuani na mitungi mitatu mwilini anavunja mgongo wake, na huenda akapindua chombo cha wenziwe.

Kilicho ndani ya mtungi

Si kila mtungi unaobebwa una hewa ya kawaida. Wazamiaji wa kina kirefu hubeba mchanganyiko wenye oksijeni nyingi, au oksijeni tupu, kwa ajili ya kupumua wakati wa kupanda, maana husaidia mwili kutoa nitrojeni haraka. Hapa ndipo penye kifo cha ghafla. Oksijeni ikivutwa kwa presha kubwa ni sumu kwa ubongo. Oksijeni tupu mwisho wake ni mita 6. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu mwisho wake ni mita 21 hivi. Ukikosea ukaivuta oksijeni tupu mita 30, mwili waweza kushikwa na degedege, kipumulio kikatoka mdomoni, na mtu akafa maji huku mtungi wake umejaa.

Kwa hiyo kila mtungi unaandikwa, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mwenzako pia, kina ambacho haupaswi kupita. Kabla ya kubadilisha, mzamiaji anatazama kina alichopo, anasoma maandishi, anafungua vali, anaifuata paipu kwa mkono kutoka kwenye vali hadi mdomoni, na mwenzake anamtazama na kumkubalia. Anayebadilisha kwa mazoea, kwa kupapasa tu, anacheza bahati nasibu.

Na hapa tuseme wazi: mtungi wa kuchomelea vyuma si mtungi wa kuzamia. Mtungi wa kuzamia unakaguliwa ndani na kupimwa nguvu zake kwa vipindi maalumu, na hewa yake inajazwa na kompresa safi ambayo mdomo wake wa kuvutia hewa uko mbali na moshi wa injini. Moshi huo una gesi ya sumu isiyo na harufu, na madhara yake yanazidi kadiri unavyoshuka.

Akiba haiozi

Wazamiaji wa mapangoni wana kanuni ya theluthi. Ikiwa geji inasoma 180, baa 60 ni za kwenda, 60 za kurudi, na 60 haziguswi. Theluthi hiyo ya mwisho ni ya siku mwenzako atakapopoteza hewa yake yote mkiwa mbali kabisa, ili mtoke nyote wawili. Hata aliye ndani ya meli iliyozama, kama MV Dania iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 nje ya Bamburi kwenye kina cha kama mita 30, akiingia vyumbani mle yuko pangoni, maana juu yake pana dari.

Mtungi wa tatu ukiwepo, hutumiwa mwanzo na kuachwa ukiwa bado una kitu, ili ile miwili mikuu ibaki imejaa. Kinyume chake, yaani kumaliza mikuu kwa kutegemea kwamba "ule mwingine upo," ni njia ya kujikuta unategemea kulabu moja na vali moja.

Dunia iliona thamani na gharama ya mitungi hii katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, vijana 12 na kocha wao walipozingirwa na maji. Kabla ya kuwatoa, mitungi mingi ilipangwa njiani. Saman Gunan, aliyewahi kuwa askari wa kikosi maalumu cha jeshi la maji la nchi ile, alikwenda kupeleka mitungi. Akirudi, alipoteza fahamu majini akafariki, tarehe 6 Julai. Alikuwa mtu wa mazoezi na mwenye nguvu. Siku nne baadaye wote 13 walikuwa wametoka salama. Kazi ya kubeba pumzi za wengine ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, na nguvu za mwili peke yake hazitoshi.

Breki iliyoondolewa

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tukishuka chini, nitrojeni iliyo ndani ya hewa inaingia kwenye damu na nyama za mwili. Kadiri unavyokaa na kadiri unavyoshuka, ndivyo inavyozidi. Ukipanda taratibu, si zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika, na kusimama mita 5 kwa dakika tatu hivi, inatoka kwa pumzi. Ukipanda kwa kasi baada ya kukaa sana, inatoa mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa. Mapovu hayo yakienda kwenye viungo ni maumivu. Yakienda kwenye uti wa mgongo, mtu anatoka majini akitembea na jioni miguu haisikii.

Angalia hesabu tena. Mita 30, majedwali mengi ya wazamiaji wa burudani yanaruhusu kama dakika 20 tu kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Mtungi mmoja kwenye kina hicho ni dakika 27. Ukiweka theluthi ya akiba, zinabaki 18. Yaani mtungi mmoja, bila ya mtu kujua, ulikuwa breki: hewa inakaribia kuisha wakati uleule mwili unakaribia mpaka wake. Kijana asiyewahi kusoma jedwali lolote analindwa na umaskini wa mtungi wake.

Mtungi wa pili unaiondoa breki hiyo. Sasa anaweza kukaa dakika 40 mita 30, akaokota majongoo mara mbili, na asihisi chochote, kwa sababu nitrojeni haiumi inapoingia. Inauma inapotoka. Na asubuhi hiyohiyo atashuka tena mara ya pili na ya tatu, huku ile ya mwanzo bado imo mwilini.

Kwa hiyo anayeongeza mtungi lazima aongeze na saa ya kina, jedwali au kompyuta ya mkononi, na mafunzo ya kutumia hivyo. Asiyekuwa navyo, mtungi wa ziada auhesabu kuwa ni akiba ya dharura peke yake. Ageuke wakati uleule ambao angegeuka akiwa na mmoja.

La kufanya tangu leo

Manahodha, mna neno kubwa. Andikeni saa aliyoshuka kila mzamiaji na saa aliyopanda. Wekeni chomboni kamba yenye alama kila mita 5 ili anayepanda ajue pa kusimama. Na asiyekuwa na mwenza asishuke.

Kamati za BMU na wenye vituo vya kuzamia, ulizeni mapema, kabla ya ajali, chemba ya presha iliyo karibu iko wapi na kama inafanya kazi, na andikeni nambari ya simu mahali panapoonekana. Oksijeni ya huduma ya kwanza iwe bandarini, na awepo anayejua kuitumia.

Wazazi na wake, mjue dalili. Ganzi, kuchomachoma kwa ngozi, maumivu ya mabega au magoti, kizunguzungu, miguu kulegea, kushindwa kukojoa: yakitokea baada ya kuzamia, hata saa kadhaa baadaye, huo si uchovu wala si upepo mbaya. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni tupu ikiwepo, apelekwe hospitali upesi na daktari aambiwe kwamba alizamia kwa mitungi, kina gani na kwa muda gani. Asirudishwe majini ati akapoe huko. Akipoteza fahamu chini, hatapanda tena.

Nawe kijana unayetaka kuanza mitungi ya ubavuni, tafuta mwalimu mwenye cheti cha mtindo huo, ujifunze kwanza mitungi miwili maji mafupi mpaka uweze kuifungua na kuifunga macho yamefumbwa. Wa tatu una siku yake. Bahari haiendi popote, na majongoo ya leo yakibaki chini utayakuta kesho, ikiwa miguu ya kukupeleka bado unayo.